Daktari Harold Shipman wa Hyde: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hukumu ya Daktari Shipman, Mwingereza aliyewaua wagonjwa wake mwenyewe, ilisomwa mwaka 2000, na maswali hayajaisha. Wengi huanza na kichwa cha muuaji: alikuwa na wazimu gani, alilelewaje, shetani gani alimwingia. Mimi naona yenye faida ni yale ya makaratasi: nani alitia saini, nani alipaswa kuuliza akanyamaza. Kwa hiyo ya makaratasi nimeyajibu kwa urefu, mengine nimeyapitia juu juu.

Shipman alikuwa nani?

Daktari wa familia katika mji wa Hyde, karibu na Manchester, kaskazini mwa Uingereza. Alizaliwa Nottingham mwaka 1946, akasomea udaktari Leeds, akaanza kazi katika hospitali ya Pontefract mwaka 1970. Hyde alifika 1977 na kujiunga na kliniki ya madaktari kadhaa. Mwaka 1992 akajitenga, akafungua kliniki yake mwenyewe Market Street, peke yake, akiwa na wagonjwa zaidi ya 3,000 kwenye orodha yake.

Alipendwa, na hilo lisisahaulike. Alikuwa daktari wa mtindo wa zamani, wa kuja nyumbani, anayekaa kitini na kuuliza hali za watoto. Watu walingoja nafasi ya kuingia kwenye orodha yake. Hata alipokamatwa, wako wagonjwa waliompelekea kadi za kumtia moyo, wakiamini kasingiziwa.

Aliua watu wangapi?

Hesabu zinazotajwa ni tatu, na zote ni sahihi kwa nafasi yake. Mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya watu 15. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ilitaja, katika ripoti yake ya kwanza ya Julai 2002, watu 215 waliouawa, wanawake 171 na wanaume 44, pamoja na wengine 45 ambao vifo vyao vina mashaka ya kweli. Ripoti ya mwisho ya Januari 2005 ilirudi nyuma mpaka miaka yake ya Pontefract, ikakadiria kwamba jumla ni kama 250.

Siku za mwizi ni arobaini, tunasema. Za Shipman zilianza miaka ya mwanzo ya 1970 zikaisha 1998.

Aliwauaje bila watu kushtuka?

Kwa sindano ya diamofini. Hiyo ni heroini ya hospitali, ndugu halali wa ule unga unaomaliza vijana Mombasa na Zanzibar. Uingereza madaktari huitumia kwa maumivu makali ya saratani na kwa mshtuko wa moyo. Ukimpa dozi kubwa mtu asiyeizoea, pumzi hupungua, kisha hukata, yote kwa dakika chache. Hakuna damu, hakuna purukushani.

Waathirika wengi walikuwa wanawake wazee walioishi peke yao. Hali ilikuwa ile ile, nyumba baada ya nyumba: bibi kakutwa amekaa kwenye kiti chake, kavaa vizuri nguo za mchana, pengine mkono mmoja wa nguo umepandishwa. Hayuko kitandani wala hana dalili ya kuugua. Daktari alipita mchana huo huo, au yumo ndani ya nyumba familia inapofika. Mtu anayejua jinsi wazee wanavyokufa angejiuliza, maana mzee mgonjwa kwa kawaida hufia kitandani, au njiani kuelekea chooni, au hospitali. Kukaa tu mbele ya televisheni, kikombe pembeni, ukakata roho, hutokea. Kutokea kila mara kwa daktari mmoja ni jambo jingine.

Mara nyingine alijifanya kupiga simu kuita gari la wagonjwa mbele ya ndugu, kisha akajifanya kuipiga tena kuifuta kwa kuwa mgonjwa keshafariki. Polisi walipochukua rekodi za simu, hakukuwa na simu yoyote iliyopigwa.

Dawa alizitoa wapi?

Hapa ndipo damu huchemka. Mwaka 1975, akiwa daktari mji wa Todmorden, iligundulika kwamba alikuwa amezoea pethidini, dawa ya maumivu, na alikuwa akighushi karatasi za dawa kwa majina ya wagonjwa ili ajidunge mwenyewe. Februari 1976 mahakama ya Halifax ilimtoza faini ya pauni 600. Alipata matibabu York, na baraza la madaktari likamtumia barua ya onyo. Leseni akabaki nayo, na hakuna aliyemzuia kuandika dawa hizo hizo kali baadaye.

Yeye mwenyewe aliahidi kwamba hatabeba tena dawa za aina hiyo, na kwa sababu "habebi", hakuweka daftari la dawa ambalo daktari mwenye dawa hizo hulazimika kuwa nalo. Hapo ujanja wake unaonekana: pasipo daftari, mkaguzi hana cha kukagua. Diamofini aliipata kwa kuiandika kwa majina ya wagonjwa wa saratani, kisha kubaki na sehemu yake, au kwa kuchukua iliyosalia nyumbani mgonjwa alipofariki, akisema anakwenda kuiteketeza. Nyingine aliiandika kwa watu ambao hawakuihitaji kabisa wala hawakuwahi kuiona. Duka la dawa lilikuwa jirani na kliniki yake. Karatasi ilikuwa halali, saini ilikuwa ya daktari wanayemfahamu, wakampa.

Lakini kulikuwa na vyeti vya vifo. Havikumzuia?

Swali hili ndilo ningependa liulizwe kwanza.

Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, daktari aliyemtibu mgonjwa siku za karibuni angeweza kuandika chanzo cha kifo yeye mwenyewe. Hakulazimika hata kuuona mwili baada ya kifo. Ndugu hupeleka cheti kwa msajili, msajili huandika kwenye kitabu, mazishi yanaendelea. Kama mtu anazikwa, saini ya daktari mmoja ilitosha. Sasa daktari huyo akiwa ndiye muuaji, shahidi pekee wa kifo na mshtakiwa ni mtu mmoja, naye kashika kalamu.

Kwa kuchoma maiti masharti yaliongezeka, na Uingereza watu wengi huchomwa, tofauti na kwetu ambako, ukiwatoa Wahindu, karibu kila mtu huzikwa. Daktari wa mgonjwa alijaza fomu ya kwanza, daktari wa pili asiye mwenzake akajaza ya kuthibitisha, kisha daktari wa mahali pa kuchomea akapitia zote. Saini tatu. Ukisikia hivyo unadhani ni ukuta wa zege.

Haukuwa ukuta. Daktari wa pili aliangalia mwili kwa haraka na kumsikiliza Shipman akieleza. Sheria haikumlazimisha kuongea na mtoto wa marehemu, wala jirani, wala aliyemkuta. Angefanya hivyo angesikia "mama alikuwa mzima asubuhi, alikwenda dukani". Kila fomu ililipiwa, na madaktari walikuwa na jina lao la mzaha kwa malipo hayo: pesa za majivu. Shipman aliandika uongo kwenye fomu zake, mara nyingine akijiandika hakuwapo wakati alikuwapo. Wa pili akamwamini wa kwanza, wa tatu akawaamini wawili.

Na familia? Aliwaambia hakuna haja ya kumpasua mama, ameshateseka vya kutosha, yeye anajua kilichomuua. Wengine aliwaambia keshaongea na ofisi ya mchunguzi wa vifo, yaani ofisa anayechunguza vifo vyenye mashaka, na hakuwa ameongea. Mfiwa gani atabishana na daktari aliyemtibu mama yake miaka yote?

Ni kweli hakuna aliyeona?

Waliona, na kila mmoja aliona kipande chake.

Dereva teksi mmoja wa Hyde aliyekuwa akiwabeba bibi wazee kuwapeleka sokoni na kliniki alianza kugundua kwamba wateja wake wanakufa, wanawake aliowaacha wazima wiki iliyopita, wote wa daktari mmoja. Akawa anaandika majina. Alikaa na orodha ile kwa miaka, akihofia kuonekana mpumbavu: nani atamsikiliza dereva akimshitaki daktari? Alikwenda polisi Agosti 1998, uchunguzi ulipokuwa tayari umeanza.

Familia yenye kampuni ya mazishi mjini nao waliona. Hao ndio waliokuwa wakifika kuchukua maiti, na walichoshwa na picha ile ile: bibi kitini, nguo za mchana, daktari kapita. Mmoja wao alimwendea Shipman uso kwa uso. Daktari akampokea kwa utulivu, akamwambia hakuna la kuhofia, akamwonyesha kitabu cha vyeti, kwa ufupi akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini jambo halikufa. Likamfikia daktari wa kliniki ya ng'ambo ya barabara aliyekuja kutia saini fomu za kuchoma maiti, na kutoka kwake likafika kwa mwenzake, Dk. Linda Reynolds.

Reynolds hakuishia kwenye hisia. Alifanya hesabu. Kliniki yao ilikuwa na madaktari kadhaa na wagonjwa kama 9,500. Kwa miezi mitatu hivi walikuwa wamepoteza 14. Shipman, peke yake, na wagonjwa theluthi moja ya wao, alikuwa amepoteza 16, karibu wote wanawake wazee waliofia nyumbani. Machi 1998 alimpigia simu mchunguzi wa vifo wa eneo lile, naye akawaita polisi.

Kwa hiyo polisi walijua tangu Machi 1998. Kwa nini alikamatwa Septemba?

Kwa sababu uchunguzi wa kwanza ulikuwa wa aibu. Ulikabidhiwa ofisa mmoja asiyejua cha kutafuta. Hakuangalia kama Shipman ana kosa la zamani. Angeangalia angekuta karatasi za kughushi za 1976. Hakuliuliza baraza la madaktari. Wakati huo maiti za wagonjwa wawili wa Shipman zilikuwa bado hazijachomwa, zingeweza kupimwa, na hazikupimwa. Orodha ya vifo aliyoipata kwa msajili haikukamilika. Daktari mshauri aliyepewa mafaili akaona yako sawa, na kwa nini yasiwe sawa, aliyeyaandika ni Shipman. Katikati ya Aprili wakafunga uchunguzi.

Baada ya kufunga, Shipman aliua wanawake watatu: mmoja Mei, wawili Juni. Tume ilisema wazi kwamba polisi wangefanya kazi yao ipasavyo, watatu hao wangepona.

Alinaswaje hatimaye?

Kwa tamaa, au kwa kuchoka kujificha. Mimi sijui ipi.

Kathleen Grundy alikuwa mjane wa miaka 81, mwenye mali na mwenye miguu myepesi. Tarehe 24 Juni 1998 alitarajiwa kwenye chakula cha mchana cha wazee, ambako yeye ndiye alikuwa akiwahudumia wengine. Hakufika. Wenzake walimkuta kwenye kochi, amekufa, kavaa. Asubuhi hiyo Shipman alikuwa amepita, akisema anakuja kuchukua damu kwa ajili ya utafiti wa uzee. Kwenye cheti aliandika chanzo cha kifo: uzee. Mtu aliyekuwa akitembea mjini jana yake!

Siku hiyo hiyo ofisi moja ya mawakili ilipokea wasia wa Bi. Grundy, ukimwachia daktari wake kila kitu, kama pauni 386,000. Bahati mbaya ya Shipman ni kwamba binti wa marehemu, Angela Woodruff, ni mwanasheria, na mambo ya mama yake alikuwa akiyashughulikia yeye. Alijua wasia halisi uko wapi. Alipouona huu mpya, umepigwa taipu ovyo, herufi zimerukaruka, saini si ya mama, akafanya upelelezi wake: akawatafuta waliotia saini kama mashahidi. Walikuwa wagonjwa wawili waliokuwa wamekaa wakingoja zamu yao kliniki, daktari akatoka na karatasi iliyokunjwa akawaomba waweke saini. Hawakujua ni nini.

Binti alikwenda polisi. Tarehe 1 Agosti kaburi lilifukuliwa, na mwilini kukapatikana mofini, ambayo ndiyo diamofini hugeuka kuwa ikiingia mwilini. Kliniki ilipopekuliwa ikatoka taipureta ndogo aina ya Brother, na herufi zake zikalingana na za wasia. Shipman akasema Bi. Grundy alikuwa akiiazima. Alama ya kidole kwenye wasia ilikuwa ya daktari. Ya bibi haikuwapo hata moja. Alikamatwa tarehe 7 Septemba 1998.

Kompyuta ilimponzaje?

Shipman alijiona mjanja kuliko wote, na kliniki yake ilikuwa na programu ya kuweka rekodi za wagonjwa. Akishaua, alirudi ofisini na kuandika dalili za uongo, akizirudisha nyuma kwa tarehe: mgonjwa alilalamika kifua miezi kadhaa iliyopita, moyo haukuwa sawa, na kadhalika. Hivyo mtu akifungua faili anakuta ugonjwa ulianza zamani.

Asilolijua ni kwamba mashine ilikuwa ikitunza pia saa na tarehe halisi ya kila neno lililoingizwa. Kwa mwanamke mmoja wa miaka 73 aliyekufa Mei 1998, ugonjwa wa moyo "wa miezi" ulikuwa umeandikwa mchana ule ule wa kifo chake, dakika chache baada ya daktari kutoka kwake. Polisi walipomwekea karatasi mezani, hakuwa na la kusema.

Kwa Bi. Grundy alitumia kalamu. Alimwandikia maelezo ya kudokeza kwamba bibi huyo wa miaka 81 alikuwa akitumia dawa za kulevya. Kumuua hakukumtosha.

Kwa nini mashtaka 15 tu?

Kwa sababu majivu hayapimwi. Wengi walichomwa, na ushahidi ukaenda na moshi. Mashtaka yalijengwa kwa vifo vyenye ushahidi imara zaidi: miili iliyofukuliwa na kukutwa na mofini, au rekodi za kompyuta na simu zilizomkana daktari. Kesi ilianza Preston Oktoba 1999, na tarehe 31 Januari 2000 jopo la raia likamkuta na hatia kwa mauaji yote 15 na kughushi wasia. Jaji alimpa vifungo vya maisha na kushauri asitoke kamwe. Mashtaka mengine hayakufuata. Ilionekana baada ya kelele za magazeti hakuna jopo ambalo lingemsikiliza kwa haki, na kifungo hakiwezi kuongezeka juu ya maisha.

Kwa nini aliua?

Hakusema. Alikana mpaka mwisho, hakuungama hata kwa mtu mmoja. Wengi huikimbilia habari ya mama yake, aliyekufa kwa saratani mwaka 1963 Shipman akiwa na miaka 17, huku akimtazama daktari akija kumdunga mofini ya maumivu. Inavutia, lakini maelfu ya watoto wameona hayo hayo wakawa wauguzi wazuri. Fedha nazo hazielezi kitu: wasia ni mmoja, maiti ni mamia.

Mke wake alijua?

Hakuwahi kushitakiwa. Alihudhuria kesi na kusimama upande wa mumewe. Zaidi ya hapo ni umbea.

Alikufaje?

Alijinyonga katika gereza la Wakefield tarehe 13 Januari 2004, siku moja kabla ya kutimiza miaka 58. Kwa kuwa alikufa kabla ya miaka 60, mjane wake alistahili mafao. Familia nyingi za Hyde ziliumia mara ya pili, kwa sababu aliondoka na jibu la swali la kwa nini aliua.

Tume ya Janet Smith ilileta nini ambacho mahakama haikuleta?

Majina. Serikali ilitaka kwanza uchunguzi ufanyike faraghani. Familia zikaenda mahakamani, na vikao vikafanyika wazi Manchester kuanzia 2001. Tume ilipitia vifo vya wagonjwa kimoja kimoja, ikaandika uamuzi kwa kila mtu, ili mtoto ajue kama mama yake aliuawa au alikufa kifo cha Mungu. Ripoti sita zilitoka kati ya 2002 na 2005. Ukitaka kusoma moja tu, soma ya tatu, ya vyeti vya vifo. Haina msisimko wowote na ndiyo inayotisha kuliko zote.

Yuko peke yake?

Hapana. Marekani, nesi Charles Cullen alizunguka hospitali za New Jersey na Pennsylvania kwa miaka 16, akiua kwa dawa ya moyo na insulini, mpaka alipokamatwa Desemba 2003. Hospitali zilizomshuku zilimwacha aende akaombe kazi kwingine. Ujerumani, nesi Niels Högel alitiwa hatiani mwaka 2019 kwa mauaji ya watu 85. Hospitali ya Oldenburg ilitaka aondoke, ikampa barua nzuri ya utumishi, akaenda nayo Delmenhorst kuendelea. Dawa tofauti, nchi tofauti, karatasi ile ile.

Nini kimebadilika Uingereza?

Dawa kali zilibanwa kuanzia 2006: kila taasisi ya afya ina ofisa anayewajibika kwa dawa hizo, na mwenendo wa madaktari katika kuziandika hufuatiliwa. Upande wa pili ni kwamba baadhi ya madaktari wa familia waliogopa kabisa kuzibeba, na wagonjwa wa saratani wakangoja nafuu usiku kucha. Tangu Desemba 2012 daktari hupitiwa upya kila miaka mitano ili abaki na leseni.

La vyeti ndilo lililochelewa. Sheria ya kuweka madaktari wakaguzi wa vifo ilipitishwa mwaka 2009. Ilianza kuwa lazima England na Wales tarehe 9 Septemba 2024, zaidi ya miaka 26 baada ya simu ya Dk. Reynolds. Sasa kila kifo kisichokwenda kwa mchunguzi wa vifo lazima kipitiwe na daktari asiyehusika na mgonjwa, azikwe au achomwe. Ofisi yake husoma faili, humhoji daktari aliyetibu, kisha huwapigia ndugu na kuwauliza kama kuna jambo lolote lililowatia wasiwasi.